Mdiria wa Dunga na Fundi wa Mihuri

Ingia duka lolote la vinyago hapa Kisumu uulizie picha ya kiumbe. Utaonyeshwa simba. Ukimkataa simba utaletewa ndovu, na ukimkataa ndovu utaletewa twiga aliyesimama mbele ya jua linalotua. Nakuru utaletewa heroe, flamingo kama wengi tunavyomwita, amekunja mguu mmoja, maji ya buluu nyuma yake. Sijawahi kuletewa mdiria. Na mdiria ndiye ndege ninayemwona kila nikishuka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria: mweusi kwa mweupe, ananing'inia hewani juu ya ziwa kama aliyefungwa uzi, mabawa yanapiga mbio lakini kichwa kimetulia tuli, macho chini. Kisha chubwi! Anazama, anaibuka na omena mdomoni, anarudi kutua ukingoni mwa mtumbwi ale kwa raha zake.

Kwa nini huyu hana picha? Jibu langu ni fupi, na huenda likawaudhi baadhi ya marafiki zangu wasanii. Picha zetu nyingi za viumbe huchorwa kwa jicho la mgeni. Mtu aliyelipa kiingilio cha mbuga anataka kubeba alichokuja kukiona, na msanii mwenye kodi ya nyumba na karo ya watoto humpa hicho hicho. Simlaumu hata kidogo. Lakini sisi tunaoishi na mdiria, na fundichuma anayejenga lile kasri lake la vijiti juu ya mti, hatuna hata karatasi moja ukutani ya kutuonyesha kwamba mwenzetu fulani aliketi akawatazama.

Nakuru imenifunza jambo hili kwa uchungu. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa lile yamekuwa yakipanda. Yamemeza migunga ya ufuoni, yamefika lango kuu la mbuga, yameingia mashambani na majumbani mwa watu. Maji yalivyozidi, magadi yalizimuka, mwani wanaoula heroe ukapungua, na makundi makubwa yakahamia ziwa Bogoria na kwingineko. Wapo wanaorudi, kisha huondoka tena. Lakini kwenye kuta, mabango na fulana za mjini, heroe wako pale pale, maelfu kwa maelfu, kama kwamba hakuna lililotokea. Aliyewachora alinakili picha ya mwenzake, naye mwenzake alinakili kadi ya posta. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kwenda ziwani, na ndiyo maana hakuna aliyegundua kwamba ndege wamehama.

Nimekuwa nikisoma maisha ya mchonga chapa mmoja wa Uingereza, yaani mtu anayechonga picha kwenye kibao ili ipakwe wino na kuchapwa karatasini. Jina lake Thomas Bewick, na sikutarajia maisha yake yanirudishe Dunga. Alizaliwa mwaka 1753 katika nyumba ya shambani iitwayo Cherryburn, karibu na mto Tyne, kaskazini mwa nchi hiyo. Baba yake alikodi shamba na kuchimba makaa ya mawe kidogo. Watoto walikuwa wanane na Thomas ndiye kifungua mimba, mtundu wa darasa, mchoraji wa kila mahali. Karatasi ilipokwisha alichora kwa chaki juu ya mawe ya makaburi, na nyumbani juu ya mawe ya mekoni.

Siku moja alirusha jiwe likampata ndege mtini. Alipomwokota, ndege alikuwa hai bado, akamtazama usoni. Uzeeni Bewick aliandika kwamba, lau ndege yule angeweza kusema, angemuuliza kwa nini ameutoa uhai wake. Alimgeuzageuza mkononi, akatazama manyoya, miguu, mdomo. Akasema huyo ndiye ndege wa mwisho aliyemuua kwa mkono wake, kisha akaongeza, bila kujificha, kwamba wengine wengi waliuawa baadaye kwa ajili yake. Nani kati yetu tuliokulia huku Magharibi hakubeba manati shingoni? Mimi nilibeba. Na ninakumbuka vizuri uzito wa njiwa aliye moto kiganjani, kichwa kimelegea. Tofauti ni kwamba mimi nilimpeleka jikoni, yule mtoto akaanza kujifunza.

Mwaka 1767, akiwa na miaka 14, alipelekwa mji wa Newcastle kuwa mwanagenzi wa fundi Ralph Beilby kwa muda wa miaka saba. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Karakana ile haikuwa ya sanaa. Walichonga majina kwenye vibao vya milango, nembo kwenye vijiko vya fedha, mihuri, nyuso za saa, hata vibao vya majeneza. Kazi za kuchonga mbao zilipoletwa, Beilby hakuzipenda, akawa anamsukumia kijana. Kijana alipomaliza uanagenzi alijaribu London mwaka 1776, akaichukia, akarudi kwao kabla hajamaliza hata mwaka mmoja huko, akafanywa mshirika wa mwalimu wake. Maisha yake yote yaliyobaki aliyala kwa kazi za wateja. Kitabu chake cha wanyama wa miguu minne, kilichotoka mwaka 1790, alikichonga jioni baada ya kazi za mchana. Kisha vikafuata vitabu viwili vya ndege wa Uingereza: wa nchi kavu mwaka 1797, wa majini mwaka 1804.

Niieleze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa mikono huwezi kuelewa kwa nini ndege wake wanapumua.

Kabla yake kulikuwa na njia mbili za kutia picha kitabuni. Ya kwanza ni kuchonga ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti, kwa kisu. Nyuzi za mbao zinakuvuta mkono, mistari inatoka minene. Ya pili ni bamba la shaba, lenye mistari myembamba ya kupendeza, lakini linahitaji mtambo wake peke yake, mbali na ule wa maandishi, kwa hiyo kitabu kinakuwa ghali. Bewick alichukua mti mgumu sana unaokua polepole, akaukata kwa upande wa kichwa cha gogo, kama unavyokata kuni upate duara lenye miviringo ya umri. Uso ule ukisuguliwa unakuwa laini kama pembe, na hakuna nyuzi za kuuvuta mkono. Juu yake akatumia kalamu za chuma zile zile za kuchongea vijiko vya fedha. Mbinu haikuwa mpya kabisa, lakini hakuna aliyekuwa ameifikisha pale alipoifikisha yeye. Mti wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo vibao ni vidogo. Ndege wake wengi wanaenea kiganjani. Kibao kilitengenezwa kiwe na kimo sawa na zile herufi za madini ya risasi za kuchapia maneno, hivyo picha na maneno vikachapwa pamoja, kwa mtambo mmoja, kwa mkupuo mmoja. Na hakichakai upesi: kibao kimoja kiliweza kutoa mamia ya maelfu ya chapa.

Tena kuna hili ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Wino hukaa juu ya sehemu ya kibao iliyobaki. Kila chuma kinapopita, karatasi hutoka nyeupe. Fundi anaanza na giza totoro, na kazi yake yote ni kuliingizia mwanga. Bewick alilielewa hili kuliko waliomtangulia. Unyoya wa kifuani ni mstari mweupe mmoja, mfupi, uliopinda kidogo. Wa bawani ni mrefu, umenyooka. Alipotaka mlima wa mbali aliukwangua uso wa kibao ushuke unywele mmoja tu, ili wino uguse karatasi kwa wepesi, kitu kitoke kijivu. Anayechora kwa penseli anaweza kubabaisha kwa kivuli. Huyu hawezi, maana kila mstari ni uamuzi na hakuna kifutio. Ili kuamua lazima awe amemtazama ndege hadi anajua manyoya yamepangwaje.

Ndiyo sababu hakuridhika na ndege waliojazwa pamba. Mwaka 1791 alikwenda kijiji cha Wycliffe kuchora mkusanyo mkubwa wa ndege wa aina hiyo, akakaa huko kama miezi miwili, na alichogundua ni kwamba aliyewajaza aliwasimamisha kama vijiti. Akageukia ndege hai, au waliokufa muda si mrefu, na watu wakawa wanamletea.

Mwishoni mwa kurasa zake, mahali ambapo mchapishaji mwingine angeacha nafasi tupu, aliweka vipicha vya maisha ya watu. Kimoja kinamwonyesha mwanamume anayevuka mto huku ameshika mkia wa ng'ombe wake, ili asilipe ada ya daraja. Upepo umempeperushia kofia. Nilipokiona kipicha hicho niliwaza mara moja Nyando wakati wa mafuriko, watu wakivuka maji ya kifuani na mifugo yao. Ukubwa wake hauzidi kisanduku cha kiberiti kwa mengi, na mna umaskini ndani yake, na ujanja, na mto, na hali ya hewa.

Chapa zile zimekuwa pia ushahidi. Katika kitabu cha mwaka 1804 yumo ndege mmoja mkubwa wa bahari ya kaskazini, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, asiyeweza kuruka. Jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa huko Aislandi mwaka 1844. Miaka 40 tu! Bewick hakujua kwamba anachonga kumbukumbu ya marehemu.

Nami ninawaza ndege wa mafunjo wa Dunga. Wataalamu wanamwita Laniarius mufumbiri. Mgongo mweusi, utosi wa njano iliyoiva, kifua chekundu kama pilipili, na sauti ambayo dume na jike hupokezana kiasi kwamba unadhani ni ndege mmoja. Haishi mahali pengine ila kwenye mafunjo. Mafunjo yanakatwa kwa ajili ya mikeka na vikapu, jambo ambalo ukikata kwa kiasi hayaumii, kwani huchipua tena. Lakini pia yanachomwa, yanafukiwa, yanalimwa. Siku mafunjo yakiisha, hana pa kwenda. Je, tutakuwa na nini cha kumwonyesha mtoto? Ipo picha ya simu, ndiyo, na wapo wapiga picha hodari hapa mjini ninaowaheshimu. Lakini picha ya simu hupigwa kwa sekunde moja na kuzama chini ya nyingine elfu. Chapa hukaa ukutani. Inauzwa kwa bei ambayo mwalimu wa msingi au mama muuza samaki anaweza kuimudu, kwa sababu kibao kimoja kinazaa nakala nyingi, na kila nakala ni kazi halisi ya mkono.

Nitaulizwa: mbona unatuletea mzungu wa karne ya 18? Swali ni la haki. Wachonga chapa tunao. Jirani zetu Uganda wana Fred Mutebi, ambaye hutumia kibao kimoja kwa rangi zote: anachapa rangi ya kwanza, anachonga zaidi, anachapa ya pili juu yake, hivyo hivyo hadi kibao kinakaribia kwisha. Akishasonga mbele harudi nyuma, na nakala zaidi haziwezekani. Mutebi huyo huyo amejishughulisha na mutuba, mti unaotoa nguo ya gome, kwa kuwahimiza wakulima waupande. Hapa Kenya, Peterson Kamwathi alianza kujulikana kwa chapa za mbao kubwa zenye nguvu. Namibia ilikuwa na John Muafangejo, ambaye aliweka maisha ya watu wake kwenye chapa nyeusi na nyeupe ambazo hazimwachi mtu alivyo. Hata leso iliyofungwa kiunoni mwa mama zetu ni kazi ya chapa, na jina lake jingine, kanga, husemwa kuwa limetokana na yule ndege wa madoadoa.

Kwa hiyo sanaa si ngeni. Nimemchagua Bewick kwa ajili ya ile karakana. Tunapozungumzia sanaa hapa kwetu tunafikiria chuo, jumba la maonyesho Nairobi, na mfadhili. Yeye alitoka kwenye meza ya mihuri.

Na meza za mihuri tunazo. Katikati ya Kisumu, chini ya veranda moja, anakaa mzee ambaye kwa miaka mingi amechonga mihuri ya shule, ya makanisa, ya vyama vya akiba. Kifaa chake ni nusu ya wembe iliyofungwa mpini wa mpira wa baiskeli. Anakata raba herufi kwa herufi, zote kinyume, kulia kwenda kushoto, bila kuandika kwanza. Nimesimama nikimtazama akikata herufi S ndogo kuliko punje ya mchele: wembe umesimama, na kinachozunguka ni raba. Akimaliza anapuliza vumbi, anagusisha kwenye kidau cha wino, anabonyeza nyuma ya risiti kuukuu, anaitazama kwa jicho moja. Kisha anapunguza kidogo sana mahali ambapo mimi sikuona kasoro.

"Siku hizi ni mashine, mwanangu," aliniambia. "Kompyuta inachora, mashine inachoma, kabla hujamaliza chai muhuri uko tayari. Mimi wananiletea za kurekebisha."

Mwaka fulani palikuwa na maonyesho ya sanaa hapa mjini. Nilikwenda kwenye ofisi moja iliyohusika, nikaomba mzee huyu apewe meza aonyeshe watu jinsi ya kuchonga. Niliambiwa kwa upole kwamba nafasi ni za wasanii, mafundi wana siku yao. Niliumia, na bado ninaumia, kwa kuwa mstari huo wanaouchora kati ya fundi na msanii ungemfungia Bewick nje.

Watoto wetu wa shule ya msingi hupiga chapa. Wanakata kiazi, wanachovya rangi, wanabonyeza. Wanapaka jani rangi na kulilaza kwenye karatasi, mishipa yote inatokea. Halafu mambo yanaishia hapo, kana kwamba ni mchezo wa chekechea. Vifaa vya kuendelea si vya ajabu. Vipande vya plaiwudi hutupwa nyuma ya kila karakana ya useremala. Wino wa mafuta upo kwa wachapishaji wa kalenda na kadi za harusi. Mtambo si lazima: unalaza karatasi juu ya kibao chenye wino na kusugua mgongo wake kwa kijiko cha supu, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, hadi picha ionekane kwa mbali upande wa nyuma. Karatasi nayo, kuna vikundi hapa Kisumu vinavyoitengeneza kwa gugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini ukatufungia ziwa tangu miaka ya 1990. Ni karatasi ngumu, yenye nyuzi, inayokunywa wino kwa tamaa. Nimeishika, nikafikiria mdiria juu yake.

Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na vijana watatu au wanne kwa miaka, si kwa warsha ya siku mbili yenye chai na cheti. Uanagenzi. Kijana afagie, anoe, achapishe kalenda, akate mihuri iliyobaki, na jioni apewe kibao awe na ndege wake. Kaunti ikitaka kusaidia, ilipe kodi ya chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na imlipe yule mzee kama mwalimu.

Mwezi uliopita nilimwendea tena. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya mdiria niliyoipiga Dunga, nikamwomba anichongee kwa malipo yake ya kawaida. Aliivuta simu karibu na uso, akaikuza kwa vidole viwili, akanyamaza. Nilidhani macho yanamsumbua.

"Huyu wako ana mikanda miwili kifuani," akasema mwishowe. "Mweusi mpana huu, halafu mwingine mwembamba chini yake. Lakini kuna wale wenye mmoja tu, tena umekatika hapa katikati. Wewe unataka yupi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia mmoja wao ni dume, lakini nilikuwa nabahatisha, na yeye aliliona hilo. Baadaye nilithibitisha: mwenye miwili ndiye dume, jike ana mmoja. Yeye alishajua wako wa aina mbili tangu utotoni, wakati akivua na babake kule mafunjoni, ila hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Alichagua jike. Alisema mkanda uliokatika utampa mahali pa kuanzia mwanga. Akachukua kipande cha raba nyeusi, akakipangusa kwa shati, akakiegemeza kwenye goti, na wembe ukaanza kifuani.